Mwisho wa Hadithi ni wa Nani? Manga za Mapenzi baina ya Wanawake na Msomaji wa Kiswahili wa Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Makala haya yanahakiki manga za mapenzi baina ya wanawake, utanzu unaoitwa yuri nchini Japani, kwa kumweka mbele msomaji wa Kiswahili wa mwambao wa Burundi. Hoja yake ni kwamba katika Afrika Mashariki habari za kazi za aina hii hutufikia kama habari za marufuku, ilhali kazi zenyewe hazihakikiwi. Kwa sababu hiyo vyombo vya udhibiti vimejitwalia kazi ya mhakiki bila kubeba wajibu wake wa kusoma, na mvutano umeishia kwenye swali moja: hadithi iishe vipi? Kwa kuzisoma kwa makini manga mbili, Yagate Kimi ni Naru ya Nakatani Nio na Citrus ya Saburouta, na kuzilinganisha na filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuzieleza kazi hizi kwa haki na pia kwa ukali. Nyenzo hizo zimefunikwa tu na msamiati wa matusi na wa mahakama. Mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera yanatolewa mwishoni.

Istilahi muhimu: manga, yuri, uhakiki, udhibiti, tafsiri, Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Kizuka imo katika Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, nchi ya michikichi, mawese, ndagala na mukeke. Kiswahili huko ni lugha ya soko na ya wavuvi. Kirundi ni lugha ya nyumbani. Kifaransa ni lugha ya darasani. Mpaka huu wa kazi baina ya lugha tatu ndio uliozaa makala haya.

Siku moja huko Kizuka, binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni, alinionyesha kwenye simu yake kurasa za manga iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Wasichana wawili walikuwa wamesimama wakitazamana, na kati yao palikuwa na nafasi nyeupe isiyo na neno. Akaniuliza: “Mwalimu, nisaidie. Kitabu hiki ni kizuri au ni kibaya?” Kuuliza si ujinga, na swali lake lilikuwa swali halisi la uhakiki. Hakuuliza kama kinaruhusiwa. Aliuliza kama ni kizuri. Nilimjibu kwa Kifaransa. Sababu ni ya aibu kwa mtu anayefundisha Kiswahili: kwa Kiswahili nilikuwa na maneno mawili tu ya kuwataja wahusika wale, na yote mawili hutumiwa kama matusi.

Makala haya ni jaribio la kumjibu binti yule upya, safari hii kwa lugha aliyoniulizia. Kwa hiyo yanafanya mambo matatu. Kwanza, yanaeleza kwa ufupi utanzu wa yuri na ulikotoka. Pili, yanazihakiki kazi mbili, moja kwa kuisifu zaidi na nyingine kwa kuilaumu zaidi, ili kuonyesha kwamba utanzu mmoja unaweza kubeba kazi zisizolingana kabisa. Tatu, yanalinganisha usomaji huo na jinsi vyombo vya udhibiti vya kanda yetu vilivyozishughulikia kazi zinazokaribiana nazo.

2.0 Yungiyungi: Historia Fupi ya Utanzu

Msomaji wa mwambao asichanganye manga hii na Manga ya wahenga, ile inayosikika katika pilipili manga na katika jina la Mmanga. Manga tunayoijadili ni neno la Kijapani linalotaja hadithi za vibonzo, yaani masimulizi yanayokwenda kwa vidirisha vya picha na viputo vya maneno. Ndani ya bahari hiyo kuna mkondo unaosimulia mapenzi baina ya wanawake, nao unaitwa yuri, maana yake yungiyungi.

Jina ni la juzi kuliko kitu chenyewe. Kati ya 1916 na 1924 mwandishi Yoshiya Nobuko alichapisha kwa mfululizo hadithi fupi zilizokusanywa chini ya jina Hana Monogatari, yaani visa vya maua, kuhusu wasichana wa shule waliopendana kwa shauku ya kiroho. Jamii ya Japani ya wakati huo iliuvumilia uhusiano wa namna hiyo kwa sharti moja: uishe. Msichana angemaliza shule, angeolewa, na pendo lile lingebaki kumbukumbu. Yoshiya mwenyewe hakulifuata sharti hilo. Aliishi na mwenzake, Monma Chiyo, kwa takriban miaka 50, hadi alipofariki mwaka 1973.

Mwaka 1971 Yamagishi Ryōko alichora Shiroi Heya no Futari, kazi ambayo mara nyingi hutajwa kuwa manga ya kwanza ya utanzu huu. Wasichana wawili wa bwenini wanapendana. Mmoja anauawa, mwingine anabaki na upweke. Neno yuri lenyewe liliingia katika matumizi haya mwaka 1976, kupitia kwa mhariri Itō Bungaku. Katika miaka ya 1990 Sailor Moon ya Takeuchi Naoko iliwaleta Haruka na Michiru, wapenzi wawili wasiojificha, mbele ya watazamaji wa dunia nzima. Katika toleo la Kiingereza la Amerika Kaskazini, wapenzi hao waligeuzwa kuwa binamu. Jarida la kwanza lililojitenga kwa ajili ya utanzu huu, Yuri Shimai, lilianza mwaka 2003, likarithiwa na Comic Yuri Hime mwaka 2005.

Katika historia hii fupi kitu kimoja kinajirudia. Hakuna aliyegombana sana na mwanzo wa hadithi hizi, wala na katikati yake. Ugomvi ulikuwa juu ya mwisho. Wapenzi waliruhusiwa kuwako maadamu mmoja aolewe, afe au ageuzwe kuwa ndugu. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tutalikuta tena Nairobi.

3.0 Yagate Kimi ni Naru na Kitenzi “Kupenda”

Kazi aliyokuwa nayo binti wa Kizuka ilikuwa hii. Nakatani Nio aliichapisha kwa mfululizo kati ya 2015 na 2019, ikatimia vitabu 8. Kwa Kifaransa imetolewa na Kana chini ya jina la Kiingereza, Bloom Into You. Mhusika mkuu ni Koito Yuu, mwanafunzi aliyeingia sekondari ya juu. Kijana mmoja amemtamkia mapenzi naye hajui ajibu nini. Maneno ya mapenzi anayajua kutoka katika nyimbo na vitabu. Anayaelewa, lakini hayamgusi. Anakutana na Nanami Touko, msichana anayemzidi darasa, ambaye naye hukataa kila anayemjia. Yuu anamwona kuwa mwenzake katika ukavu huo. Punde Touko anampenda yeye, kisha anampa sharti la ajabu: usinipende.

Kisa kimesimama juu ya neno la Kijapani suki, neno moja linalobeba kupenda chakula, kupenda rafiki na kupenda mpenzi. Yuu anasema suki kuhusu mambo mengi, lakini hajui lini neno hilo litabadilika uzito. Mtafsiri wa Kiingereza hana budi kuchagua kati ya vitenzi viwili, na kila anapochagua anamwondolea Yuu swali lake. Kiswahili hakina shida hiyo. Sisi pia tunapenda ugali, tunapenda watoto, tunampenda Mungu na tunapenda wapenzi kwa kitenzi kimoja. Mtu akimwambia mwenzake “nakupenda”, uzito wa neno unategemea nani amesema, wapi, na baada ya kimya cha muda gani. Kwa maneno mengine, tatizo la Yuu linasemeka kwa Kiswahili bila kupoteza chochote. Ni ajabu, basi, kwamba lugha inayoifaa kazi hii kwa kiasi hicho ndiyo isiyoihakiki.

Kwa nini Touko hataki kupendwa? Dada yake alifariki akiwa kiongozi wa wanafunzi, kabla ya kuigiza tamthilia aliyoiandaa kwa tamasha la shule. Touko ameyachukua maisha ya marehemu kama mtu anayevaa nguo zisizo zake: anasoma kama dada, anaongoza kama dada, na sasa anataka kuiigiza tamthilia ile. Kwake, kupendwa ni kuambiwa “baki kama ulivyo”, naye anachukia alivyo.

Hapa ndipo Nakatani anapoonyesha umahiri wake. Tamthilia inayoandikwa na wanafunzi inamhusu msichana aliyepoteza kumbukumbu. Watu watatu wanamweleza alivyokuwa, na kila mmoja anaeleza mtu tofauti. Katika mswada wa kwanza msichana anachagua mmojawapo wa watu hao watatu na kuwa huyo. Yuu anausoma mswada, anatambua kwamba mwisho huo utamfunga Touko ndani ya marehemu, na anamshawishi mwandishi aubadilishe ili msichana asimchague yeyote kati ya watatu. Touko anaigiza mwisho mpya jukwaani, na kwa kuuigiza anaanza kuachana na dada yake.

Kwa hiyo kiini cha manga hii si busu, bali ni mabadiliko ya mwisho wa hadithi. Anayeomba mabadiliko ameusoma mswada wote, anamjua atakayeuigiza, na sababu yake ni uhai wa mtu huyo. Huo ni uhakiki kwa maana yake kamili: usomaji unaobeba dhamana.

Kazi ina udhaifu wake. Touko anamsifu Yuu kupita kiasi katika vitabu vya mwanzo, na Saeki Sayaka, rafiki anayempenda Touko kimyakimya, ana kina kinachomzidi Touko mwenyewe katika sura kadhaa, hata msomaji akajiuliza kama kitabu kimemchagua mhusika mkuu sahihi. Hata hivyo Nakatani ameingiza pia jozi ya watu wazima, mwalimu na mwenye mkahawa, wanaoishi pamoja maisha ya kawaida ya chai na uchovu wa jioni. Kwa kuwaweka hao, anakanusha bila kelele lile sharti la zama za Yoshiya kwamba pendo la namna hii huishia kwenye lango la shule.

4.0 Kinachofichwa na Sarufi, Kinachoonyeshwa na Picha

Sehemu iliyotangulia inaonyesha jambo la kiisimu linalomhusu kila atakayeandika uhakiki wa namna hii. Tungo kama “anampenda lakini amekatazwa kusema” haina jinsia. Viambishi vya nafsi vya Kiswahili havitofautishi mwanamume na mwanamke, wala neno mpenzi halitofautishi. Mtu anayeyaona majina Yuu na Touko kwa mara ya kwanza angeweza kusoma ukurasa mzima wa muhtasari bila kujua kwamba wote wawili ni wasichana. Ushairi wetu wa mapenzi na taarabu zimeishi ndani ya nafasi hii kwa miaka mingi: mpenzi anaimbwa, na msikilizaji anamvika sura anayoitaka.

Manga haina nafasi hiyo, kwa kuwa picha inasema kile ambacho sarufi imekinyamazia. Mfano wa karibu nasi, usio wa yuri, utalifafanua hili. Mwaka 2014 mchoraji wa Kongo Barly Baruti, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, walichapisha Madame Livingstone, hadithi ya vibonzo inayohusu vita vya 1914–1918 kwenye ziwa letu hili na msako wa meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo leo tunaijua kama Liemba. Anayebeba jina la “Madame” ni mwanamume Mwafrika anayevaa sketi ya Kiskoti. Jina linasema mwanamke, picha inaonyesha mwanamume, na ucheshi wa hadithi pamoja na ukosoaji wake wa ukoloni vinazaliwa katika pengo hilo. Kwenye vibonzo, maana hukaa baina ya neno na mchoro. Mhakiki anayesoma viputo peke yake amesoma nusu ya kitabu.

Mhakiki wa Kiswahili, basi, ana njia mbili mbovu na moja nyoofu. Njia mbovu ya kwanza ni kujificha nyuma ya sarufi, aandike “wapenzi wawili” na kumwachia msomaji aje ashtuke mwenyewe. Ya pili ni kuitanguliza jinsia kama mshtuko, ikaifunika kazi nzima. Njia nyoofu ni kuisema wazi katika sentensi ya kwanza au ya pili, kama tunavyosema mahali na wakati wa kisa, kisha kuendelea na kazi.

Lakini aiseme kwa neno gani? Shoga, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike wa mwanamke, neno la upole la kuitana. Leo limegeuzwa kuwa tusi kwa wanaume kiasi kwamba baadhi ya wanawake wameanza kulikwepa. Msagaji limetokana na kusaga. Linataja tendo la mwili, na haliwezi kuwafaa wahusika ambao kwa vitabu kadhaa wanahangaika na maana ya kushikana mikono. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na kwa hiyo mhakiki asitarajie kuchaguliwa istilahi na mtukanaji. Katika makala haya nimetumia “mapenzi baina ya wanawake”, maneno manne ya kawaida ambayo hayamsifu mtu wala kumshtaki. Yanatosha.

5.0 Citrus: Kasoro Ambayo Marufuku Haiioni

Citrus ya Saburouta ilitoka kwa mfululizo katika Comic Yuri Hime kati ya 2012 na 2018, na ni miongoni mwa kazi za utanzu huu zilizosambaa sana nje ya Japani. Kwa Kifaransa inatolewa na Taifu Comics. Yuzu, msichana mchangamfu, anahamia shule yenye nidhamu kali baada ya mama yake kuolewa tena. Anagundua kwamba kiongozi mkali wa wanafunzi, Mei, ndiye ndugu yake mpya wa kambo. Mapema katika kisa, Mei anambusu Yuzu kwa nguvu, bila ridhaa yake.

Tukio hilo ndilo linalopaswa kumshughulisha mhakiki. Mtunzi analitumia kama cheche ya mapenzi: kulazimishwa kunageuka kuwa siri, siri inageuka kuwa shauku. Si kweli kwamba kosa hili ni la utanzu wa yuri peke yake. Riwaya pendwa za mapenzi ya mwanamume na mwanamke, zikiwemo za Kiswahili, zimejaa mabusu ya kuporwa ambayo baadaye hubatizwa jina la pendo. Lakini ni kosa, na katika Citrus linakaa ndani ya nyumba moja, baina ya wasichana wawili wa shule ambao ndoa ya wazazi imewafanya ndugu. Michoro nayo inalirembesha: vidirisha vinakaribia, mandhari yanafutwa, na uso wa anayelazimishwa unachorwa kwa ulaini ule ule ambao baadaye utachorewa furaha. Jicho la msomaji linafundishwa kutotofautisha. Saburouta hujirekebisha kadiri kisa kinavyokwenda, na Mei anapata historia ya kuachwa na baba inayoeleza ukavu wake. Kueleza, hata hivyo, si kufidia.

Hivyo tuna kazi mbili za utanzu mmoja, zilizochapishwa karibu miaka ile ile. Katika ya kwanza, mhusika anaulizwa, anasubiriwa, na hata kukataa kwake kunasikilizwa. Katika ya pili, ridhaa inakuja baada ya tendo. Mzazi wa Rumonge mwenye binti wa miaka 15 angefaidika sana kuijua tofauti hii. Orodha ya marufuku haimwambii. Kwenye orodha, Yuu na Mei ni kitu kimoja.

6.0 Rafiki na Bodi Iliyosoma Mwisho Tu

Tugeukie sasa kanda yetu, ambako mjadala kama huu umekuwa juu ya filamu na katuni zaidi kuliko manga. Mwezi Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilitangaza kuzuia katuni 6 za televisheni, zikiwemo The Legend of Korra, Steven Universe na Adventure Time. Tangazo lilizikusanya pamoja kazi zenye mitindo, umri wa watazamaji na maudhui mbalimbali, kwa hoja moja ya maadili.

Mwaka uliofuata ilikuja Rafiki ya Wanuri Kahiu. Filamu hiyo imetokana na hadithi fupi “Jambula Tree” ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi ni barua ya Anyango kwa Sanyu, wasichana wawili wa mtaa wa nyumba za vyumba vichache jijini Kampala. Anayewafichua ni jirani msengenyaji, Mama Atim. Kahiu alihamishia kisa Nairobi, akawapa wasichana majina ya Kena na Ziki, akawafanya baba zao wagombea wa kiti kimoja cha siasa, na akambakiza Mama Atim, sasa mwenye kibanda cha chakula. Tarehe 27 Aprili 2018 Bodi iliipiga filamu marufuku. Mwezi uliofuata ilionyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha hilo. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku kwa siku 7, watu wazima wakaruhusiwa kuitazama, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliukubali uamuzi wa Bodi.

Hayo ni ya habari, nayo yameandikwa sana. Linalomhusu mhakiki ni jambo dogo ambalo mwongozaji amelieleza hadharani: kwamba aliombwa aubadili mwisho wa filamu, kwa kuwa ulionekana kuwa na matumaini mno na hauonyeshi majuto. Katika filamu, wasichana wanapigwa na umati, Ziki anapelekwa London, miaka inapita, Kena anakuwa mtaalamu wa tiba. Katika picha ya mwisho mkono unamgusa begani. Basi. Hakuna harusi wala ushindi. Mkono huo begani ndio ulioonekana kuzidi mpaka.

Ombi hilo lilikuwa uamuzi wa kifasihi, na tulipime kifasihi. Katika tamthilia ya Yuu, mwisho ulibadilishwa kwa sababu mswada wa awali ungemwangamiza mwigizaji. Hapa mwisho ulitakiwa ubadilishwe ili wahusika waangamie zaidi. Ni sharti lile lile la Japani ya 1916 na ya 1971, limevuka bahari na miaka: mpendane, lakini mmoja wenu afe, aolewe au ajute. Bodi iliyavumilia maudhui, haikuvumilia tumaini. Mtu akijua hivyo anaelewa kwamba Rafiki ina udhaifu halisi ambao haukujadiliwa vya kutosha. Ugomvi wa baba wawili umechorwa kwa haraka, umati unatokea kama radi bila kutayarishwa, na Mama Atim, aliyekuwa mhusika hatari katika hadithi ya Arac de Nyeko, amepunguzwa kuwa kichekesho. Marufuku iliunyang’anya umma wa Kenya nafasi ya kusema haya. Kazi iliyopigwa marufuku hupata watetezi na washtaki, hukosa wahakiki.

Mama Atim mwenyewe anastahili neno moja zaidi. Yeye ndiye “mhakiki” wa mtaa: anaona kidogo, anasema mengi, na anayesemwa hana pa kujibia. Pale ambapo uhakiki haupo, nafasi yake haibaki tupu. Mama Atim anaikalia.

7.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya sheria. Nchini Burundi, mahusiano ya kimwili ya watu wa jinsia moja yaliharamishwa kwa sheria ya tarehe 22 Aprili 2009, na katazo limerudiwa katika kifungu cha 590 cha kanuni ya adhabu ya 2017, kwa kifungo cha kati ya miezi 3 na miaka 2. Uganda, kwa sheria ya 2023, imekwenda mbali zaidi na kuadhibu hata kile inachokiita kukuza mahusiano hayo. Je, kuhakiki si kukuza? Kifungu cha Burundi kinahusu tendo. Uhakiki nao, kwa asili yake, si tangazo la biashara: sehemu ya 5.0 ya makala haya imeshutumu kazi ambayo marufuku ingeizuia kwa sababu isiyo sahihi. Hata hivyo sidharau hatari. Mtafiti anayeandika juu ya wasomaji wa kazi hizi ana wajibu wa kutowafanya watambulike. Ndiyo maana binti wa Kizuka hana jina hapa, wala alama.

Pingamizi ya pili ni ya malezi. Wahusika wengi wa yuri ni wanafunzi, na mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake anasoma nini. Nakubaliana na mzazi huyo kikamilifu. Namkumbusha tu kwamba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa shuleni kwa hoja ya maadili, na baadaye ikasomwa na wanafunzi kama kazi ya msingi ya riwaya ya Kiswahili. Kitabu hakikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni kwamba walimu na wahakiki walikisoma hadi mwisho na kueleza kile kinachoshtakiwa ndani yake: malezi ya ukatili na unyonyaji wa wasichana. Uhakiki ulimlinda mwanafunzi kuliko marufuku ilivyomlinda.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kwa washauri wa sera, hoja ya makala haya ni nyembamba makusudi. Sijadili hapa sheria iwe vipi. Nasema kwamba chombo chochote kinachoainisha kazi ya sanaa kitoe sababu za maandishi zinazoonyesha kwamba kazi imesomwa yote, kitenganishe umri wa msomaji na maudhui, kiitaje ridhaa kama kigezo kinachojitegemea, na kisidai mwisho fulani wa hadithi. Anayedai mwisho ameacha kuainisha, ameanza kutunga.

Kwa watafiti, majarida na makongamano ya Kiswahili yapokee uhakiki wa hadithi za vibonzo kwa uzito ule ule wa riwaya, ukiwemo uhakiki wa michoro. Na kamusi zetu, zinapoingiza maneno kama shoga na msagaji, zionyeshe wazi ni wapi neno ni la upole na ni wapi ni la kuumiza, ili mwanafunzi wa Rumonge asilijue tusi kabla ya kulijua neno.

Na kwa binti wa Kizuka, jibu langu lililochelewa ni hili. Kitabu chako ni kizuri. Kina sura mbili tatu zinazojizungusha, na mhusika wa tatu ndiye aliyenigusa kuliko wa pili. Kinahusu wasichana wawili wanaopendana, na kinauliza kama mtu anaweza kupendwa bila kulazimishwa kuwa mtu mwingine. Kisome hadi mwisho, kisha uniambie kama umekubaliana na mwisho huo, na kwa nini.